Mama alikufa kwa saratani ya utumbo mpana: je, kalsiamu na vitamini D vitanikinga?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 46. Mama yangu aligunduliwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 58, akafariki mwaka uliofuata. Tumezaliwa watatu, mimi ndiye mkubwa, wadogo zangu wana miaka 43 na 38. Mfanyakazi mwenzangu amenishauri nimeze kalsiamu na vitamini D kila siku kwa sababu vinazuia saratani. Nimeshavinunua: kalsiamu vidonge viwili kwa siku na vitamini D ya 5000. Mume wangu naye ameanza kumeza, ila amesoma mahali kwamba kalsiamu inaleta saratani ya tezi dume, sasa ana wasiwasi. Je, vidonge hivi vinasaidia kweli? Nipime kwanza vitamini D? Na jua peke yake halitoshi?

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana kwa kumpoteza mama.

Najua aliyefiwa na mzazi kwa ugonjwa huu hapendi kuzungushwa, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Kalsiamu unayoipata kwenye chakula ina ushahidi mzuri kwamba inapunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kalsiamu ya vidonge ushahidi wake unagongana. Vitamini D, katika majaribio makubwa, haikumzuia mtu kupata saratani, ingawa ipo dalili kwamba kwa wanaoimeza kila siku kwa miaka kadhaa vifo vya saratani kwa jumla hupungua kidogo. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kushika nafasi ya kipimo ambacho wewe, kwa historia ya mama yako, ulipaswa uwe umeshafanyiwa, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Hapo nitakaa kwa muda baadaye, kwa sababu ndipo penye kinga yako kubwa kuliko zote.

Mwenzako hakulitoa jambo hili hewani. Mwaka 1980 ndugu wawili watafiti wa Marekani, Cedric na Frank Garland, waliandika kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana nchini mwao vilikuwa vingi zaidi kwenye majimbo yenye jua kidogo. Wakapendekeza kwamba huenda vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ndiyo inayokinga. Tangu hapo tafiti nyingi zimepima damu za watu na kuwafuatilia, na mara kwa mara wenye vitamini D nyingi wameonekana kupata saratani ya utumbo mpana kwa uchache.

Hata maabara inaliunga mkono wazo hilo. Vitamini D inayotoka kwenye ngozi au chakula hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko hugeuzwa kuwa homoni kamili. Seli za utumbo, za matiti na za tezi dume zina vipokezi vya homoni hiyo. Ikizifikia, hupunguza kasi ya seli kujigawa, huzisukuma zikomae, na zile zilizoharibika huzisaidia zife kwa wakati wake.

Kalsiamu nayo ina njia yake, nami napenda kuieleza kwa sababu inaonyesha kwa nini utumbo mpana hasa ndio unaonufaika. Ini humwaga nyongo ili kusaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya nyongo hiyo hufyonzwa tena na mwili kabla ya kufika utumbo mpana, lakini kiasi fulani hupita. Bakteria wanaoishi huko huigeuza kuwa asidi zinazochubua ukuta wa ndani. Seli zikichubuliwa, nyingine hujigawa haraka ili kuziba pengo, na kila seli inapojigawa kuna nafasi ya kosa kwenye vinasaba. Sasa, kalsiamu ambayo mwili haukuifyonza hushuka hadi huko, ikazinasa asidi za nyongo na za mafuta, zikawa sabuni isiyoyeyuka, zikatoka na choo. Kwa hiyo inayofanya kazi hii kwa sehemu kubwa ni ile kalsiamu iliyobaki tumboni, siyo ile iliyoingia kwenye mifupa.

Nadharia ni nzuri. Lakini nadharia nzuri inabidi ipelekwe kwa watu halisi, wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu wameze dawa na nusu wameze kidonge kisicho na kitu, na wote wasijue nani amepewa nini. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Jaribio la kwanza kutia moyo lilitoka mwaka 1999. Watu 930 waliokuwa wameshatolewa polipu, yaani vile vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo na ambavyo baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi, walipewa kalsiamu miligramu 1200 kwa siku au kidonge bandia. Polipu mpya zilionekana kwa asilimia 31 ya waliomeza kalsiamu na asilimia 38 ya wale wengine. Siyo tofauti kubwa sana, lakini ilikuwa ya kweli, na madaktari wengi walianza kuandika kalsiamu kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Kikundi hicho hicho cha watafiti kikarudia kazi kwa watu 2259, safari hii kikiongeza vitamini D yuniti 1000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: si kalsiamu, si vitamini D, wala vyote viwili pamoja vilivyopunguza polipu. Kisha walipoendelea kuwafuatilia watu wale wale, ikaonekana kwamba waliomeza kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walikuwa na polipu nyingi zaidi za aina moja iliyo bapa, yenye kingo kama meno ya msumeno, na aina hiyo nayo inaweza kugeuka saratani. Madhara hayo hayakuonekana wakati wa kumeza dawa. Yalijitokeza kati ya mwaka wa 6 na wa 10 tangu waanze. Jambo hili linanifanya nisite kabisa kumwambia mtu ameze kalsiamu ya vidonge kwa ajili ya kujikinga saratani, na kama umewahi kutolewa polipu ya aina hiyo, hasa ukiwa mwanamke au mvutaji, ningekuomba uiache.

Jaribio kubwa kuliko yote ya vyote viwili pamoja lilifanywa Marekani kwa wanawake 36,282 waliokoma hedhi. Walipewa kalsiamu miligramu 1000 na vitamini D yuniti 400 kila siku kwa wastani wa miaka 7. Waliopata saratani ya utumbo mpana upande wa dawa walikuwa 168, upande wa kidonge bandia 154. Hakuna tofauti ya maana hapo, na mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Wapo waliosema dozi ya vitamini D ilikuwa ndogo na kwamba wanawake wale walikuwa tayari wanakula kalsiamu ya kutosha, na hoja yao ina uzito. Wanawake hao waliendelea kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha vifo vya saratani vimepungua kwa asilimia 7 kwa waliomeza dawa, na vifo vya moyo na mishipa vimeongezeka kwa asilimia 6. Ukijumlisha vifo vyote, hakuna aliyetoka na faida.

Kwa vitamini D yenye dozi kubwa zaidi tuna jaribio lililoitwa VITAL. Watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na kuendelea na wanawake wa 55 na kuendelea, walipewa yuniti 2000 kwa siku au kidonge bandia kwa miaka 5 hivi. Waliopata saratani walikuwa 793 upande wa vitamini D na 824 upande mwingine, karibu sawa kabisa. Waliokufa kwa saratani walikuwa 154 dhidi ya 187. Tofauti hiyo ya vifo inavutia, lakini kitakwimu bado ingeweza kuwa bahati tu. Majaribio kadhaa yalipojumlishwa mwaka 2019, picha ikawa ile ile: idadi ya wanaougua haipungui, ila vifo vya saratani vilipungua kwa kama asilimia 13 kwa wanaomeza dozi ndogo ya kila siku. Dozi kubwa ya mara moja kwa mwezi haikuleta faida hiyo. Huko Australia watu 21,315 walipewa yuniti 60,000 kila mwezi hadi miaka 5, na vifo havikupungua.

Utauliza, basi kwa nini wenye vitamini D nyingi kwenye damu wanaonekana kuepukana na magonjwa mengi? Kwa sababu kiwango cha vitamini D hubeba habari nyingi za maisha ya mtu. Anayetembea na kufanya mazoezi nje anapata jua. Mwenye unene uliozidi huwa na kiwango cha chini kwa kuwa vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyeanza kuugua, hata kabla hajajua anaumwa nini, hukaa ndani na hula kidogo. Ukipima damu zao utaona vitamini D imeshuka na ugonjwa umekuja, ukadhani kimoja kimemleta mwenzake. Ukimpa mtu kidonge unakipandisha kiwango, lakini humpi yale mazoezi wala ule mwili mwepesi.

Kwenye chakula hali ni ya kutia moyo zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya wanawake 542,778 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 16. Kila nyongeza ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku, yaani kama glasi moja ya maziwa, iliendana na upungufu wa asilimia 17 wa saratani ya utumbo mpana. Huu ni ufuatiliaji, siyo jaribio la bahati nasibu, kwa hiyo tahadhari niliyoitaja hapo juu inauhusu pia. Hata hivyo unaafikiana na tafiti nyingine nyingi, na pia na ile njia ya sabuni niliyoieleza, nami nauamini kiasi cha kukushauri uufuate. Kama maziwa yanakupa shida tumboni, mtindi mara nyingi huvumilika vizuri zaidi. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yake wana kalsiamu nyingi. Mboga za majani nazo zinasaidia, isipokuwa spinachi, ambayo ina kalsiamu lakini imeishikilia kiasi kwamba mwili hupata kidogo sana.

Sasa chukua chupa zako mbili uziweke mbele yako. Kwenye ile ya kalsiamu, tafuta kama imeandikwa kaboneti ya kalsiamu miligramu 1250. Ikiwa ndivyo, jua kwamba kalsiamu yenyewe humo ndani ni asilimia 40 tu, yaani miligramu 500 kwa kidonge. Vidonge viwili ni 1000, na hicho ndicho kiasi chote unachohitaji kwa siku katika umri wako, kabla hujaweka chochote mdomoni. Ukifika miaka 51 mahitaji yatapanda hadi 1200. Hesabu kwanza unachokula. Glasi ya maziwa asubuhi na kikombe cha mtindi jioni ni kama 600, na vyakula vingine vya siku huongeza 200 au 300. Ukiona umebakiza pengo dogo, lizibe kwa chakula. Ikibidi kidonge, kimoja kinatosha, na kaboneti imezwe pamoja na chakula. Zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo mmoja mwili haufyonzi vizuri. Kama unatumia dawa ya tezi ya shingo, vidonge vya damu vyenye madini ya chuma, au antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, usivimeze pamoja na kalsiamu, kwa sababu huzinasa dawa hizo zisifyonzwe. Mwambie mfamasia unatumia nini akupangie saa.

Chupa ya pili ndiyo inayonipa wasiwasi. Hiyo 5000 ni yuniti, zile zinazoandikwa IU. Mahitaji ya kawaida kwa mtu mzima hadi miaka 70 ni 600 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho mtu asikivuke bila daktari ni 4000. Wewe umeanza na dozi iliyo juu ya kikomo bila kipimo wala sababu. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili na kujilimbikiza, na ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, mtu kuchanganyikiwa, na figo kuumia. Ukichanganya na vidonge vya kalsiamu, hatari inakaribia zaidi. Hujaniambia una dalili yoyote kati ya hizo, na wiki chache za dozi hiyo kwa mtu mwenye afya kwa kawaida hazimdhuru, lakini naomba uiache leo. Ukitaka kuendelea na vitamini D kwa sababu ya lile tumaini la vifo kupungua, yuniti 1000 hadi 2000 kwa siku ni salama kwa watu wengi. Sitakukataza. Ila usiimeze ukiamini kwamba imekufungia mlango wa saratani.

Kuhusu kupima, kwa mtu mzima mwenye afya kipimo cha vitamini D hakihitajiki kama jambo la kawaida, na mwongozo wa mwaka 2024 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani unasema hivyo hivyo. Kinahitajika kwa mwenye mifupa dhaifu, ugonjwa wa figo au ini, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au mwenye utumbo usiofyonza chakula vizuri, na anayetumia baadhi ya dawa za kifafa. Ukipima na jibu likawa nanogramu 20 kwa mililita au zaidi, mifupa yako inatosheka.

Jua linatosha kwa watu wengi wanaotoka nje mchana mikono na uso vikiwa wazi. Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kile kile, kwa sababu melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huizuia mionzi. Kupitia kioo cha dirisha haitengenezwi kabisa. Jua lina jambo moja zuri, kwamba ngozi ikishatengeneza ya kutosha huanza kuivunja ile ya ziada, kwa hiyo hakuna aliyezidisha vitamini D kwa kuota jua. Lakini mionzi hiyo hiyo ndiyo inayosababisha saratani ya ngozi, na mwenye ualbino asithubutu kuitafuta vitamini D juani. Chakula na kidonge cha dozi ya kawaida ndiyo njia yake.

Mume wako hakusoma uzushi. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wanaume wanaokula kalsiamu nyingi sana, hasa kuvuka miligramu 2000 kwa siku, hupata saratani ya tezi dume kwa wingi kidogo. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, WCRF, unauweka ushahidi huo kwenye daraja la dhaifu, lakini dhaifu si sawa na hakuna. Kwa mwanaume asiye na tatizo la mifupa sioni sababu ya kumeza kalsiamu. Aendelee na maziwa yake kama anayapenda, vidonge aviache.

Sasa nirudi kwako na utumbo wako. Mtu ambaye mzazi wake alipata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 60 anashauriwa kuanza kuchunguzwa kwa kamera akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mzazi, ipi inayotangulia, kisha kurudia kila baada ya miaka 5. Kwako inayotangulia ni 40. Umechelewa miaka 6, na hilo linarekebishika kwa kuomba miadi wiki hii.

Najua kipimo hiki kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Siku moja kabla unakunywa vitu vyepesi tu na dawa ya kuharisha hadi unachotoa kiwe maji safi ya rangi ya manjano. Kwa watu wengi hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Siku yenyewe unachomwa dawa ya kukusinzisha, mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa kwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana, kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja. Daktari akiona polipu huizungushia kitanzi cha waya, huikata hapo hapo na kuipeleka maabara, nawe mara nyingi hutahisi chochote. Hicho kinyama kilichotolewa ndicho ambacho kingechukua miaka kumi au zaidi kugeuka saratani. Ndiyo maana nasema kipimo hiki kinazuia ugonjwa, mbali na kuugundua. Kama kamera haipatikani ulipo, au huiwezi, kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kinachorudiwa kila mwaka, ni bora zaidi kuliko kukaa bure. Kikionyesha damu, kamera inakuwa lazima.

Ukiona damu kwenye choo, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukipungua uzito bila sababu au ukiambiwa una upungufu wa damu usioelezeka, usisubiri miadi ya kawaida. Nyama zilizosindikwa kama soseji na bekoni zipunguze sana, kwani gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani hii kwa kama asilimia 18. Pombe na sigara nazo zimo kwenye orodha, na kutembea kwa miguu kila siku kunasaidia kwa kiwango ambacho kidonge cha vitamini D hakijawahi kukionyesha.

Kabla ya kwenda hospitali, waulize wazee wa upande wa mama kama kuna mwingine aliyepata saratani ya utumbo, ya mfuko wa uzazi au ya tumbo, na alikuwa na umri gani. Wakiwa wawili watatu, au mmoja akiwa chini ya miaka 50, mwambie daktari, maana ipo saratani ya kurithi inayohitaji uchunguzi wa mapema na wa mara kwa mara zaidi. Na waite wadogo zako uwasomee jibu hili. Yule wa miaka 43 umri wake wa kuanza umeshapita kama wewe, mnaweza kwenda pamoja. Yule wa 38 amebakiza miaka 2, isipokuwa taarifa za wazee zikionyesha vinginevyo.